Nusu Siku Nairobi: Namna ya Kupanga Matembezi Yasiyo na Haraka

Watu wengi wanaofika Nairobi hawaji kutembea. Huja kwa sababu ya miadi ya hospitali, mahojiano ya kazi, pasipoti, harusi au matanga, na shughuli hiyo ikishamalizika hujikuta wana saa tano au sita za kungojea basi la kurudi nyumbani. Wengi huzimalizia kwenye benchi la ofisi ya basi, mzigo ukiwa katikati ya miguu, kwa kuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba jiji hili ni kubwa, lina msongamano wa magari na lina wezi. Mambo yote matatu ni ya kweli, lakini hayatoshi kumnyima mgeni matembezi mazuri, ilimradi ayapange kabla ya kuondoka. Mwongozo huu ni wa mgeni huyo, na pia ni wa wenyeji wanaopokea wageni, ambao mara nyingi ndio wanaokosea zaidi kwa vile hutamani kuonyesha kila kitu kwa siku moja.

Nimepokea jamaa wengi mjini hapa, na sasa nafuata kanuni moja tu. Kwa nusu siku, chagua pembe moja ya jiji, uifikie kwa gari mara moja, uizunguke kwa miguu, kisha uondoke kwa gari mara moja. Katika pembe hiyo weka kituo kikuu kimoja, vituo vidogo viwili au vitatu vilivyo njiani, na mahali pa kuketi na kula. Mengine yote yaache kwa safari nyingine, hata kama yako umbali wa kilomita chache tu, kwa maana kilomita chache za Nairobi zinaweza kula saa nzima.

Anza kwa kuhesabu saa

Kabla ya kutaja jina la mahali popote, chukua kalamu na karatasi. Tuseme umemaliza shughuli yako saa 3:00 asubuhi, na unatakiwa kuwa kwenye ofisi ya basi saa 9:30 alasiri. Hizo ni saa sita na nusu. Ondoa dakika 45 za kufika unakoanzia matembezi, ondoa saa moja ya chakula, kisha ondoa saa moja na dakika 15 za kufuata mizigo na kurudi bila kukimbia. Zinabaki saa tatu na nusu, na hizo ndizo mali yako halisi. Anayepanga kana kwamba anazo zote sita na nusu ndiye anayeonekana akishuka ngazi za jengo mbio, viatu mkononi, akimpigia kondakta simu amsubiri.

Katika saa tatu na nusu, kituo kikuu hutaka saa moja na nusu. Vituo vidogo hutaka dakika 20 au 30 kila kimoja. Muda unaosalia ni wa kutembea, kuvuka barabara, kuuliza njia na kusimama pale ambapo macho yamevutwa, na usiuguse muda huo kwa kuongeza kituo kingine.

Chagua pembe

Kwa mgeni wa nusu siku, naona pembe nne zinazofaa, na sizipendekezi zote kwa kiasi kimoja.

Ya kwanza ni katikati ya jiji, kuanzia stesheni ya zamani ya reli hadi bustani ya Jeevanjee. Hii ndiyo ninayoichagua mara nyingi, kwa sababu iko karibu na ofisi za mabasi, hutembeka yote kwa miguu, na historia ya nchi imekusanyika humo mtaa kwa mtaa. Nitaieleza kwa urefu hapa chini.

Ya pili ni Museum Hill, ilipo Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Makumbusho haya hufunguliwa kila siku, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, na yanatosha kuijaza nusu siku peke yake. Humo kuna mifupa ya binadamu wa kale aitwaye mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu karibu na mto Nariokotome, ambayo umri wake hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka milioni 1.5. Nje kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974. Siku ya mvua, au ukiwa na watoto wa shule, pembe hii ndiyo bora kuliko zote, na ina viti, vyoo na kivuli.

Ya tatu ni Lang'ata na Karen, waliko twiga na ndovu yatima. Ni kuzuri, lakini panahitaji mpango mkali zaidi. Ndovu yatima huonekana na wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa 5:00 hadi saa 6:00 mchana, na lazima uwe umeweka nafasi mapema, kwa hiyo saa yako ya kituo kikuu imekwisha kuchaguliwa. Kituo cha twiga hakiko mbali na hapo, nacho hukamilisha siku vizuri. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, iko upande huohuo, ila wanyama wake huonekana vyema alfajiri lango linapofunguliwa. Asiyeweza kuwa langoni saa 12:00 asubuhi, akiwa na gari, aiweke kwa siku nyingine.

Ya nne ni msitu wa Karura, kwa mtu aliyechoshwa na kelele na anayetaka miti, maporomoko ya maji na njia za udongo. Msitu huo ungekuwa majumba leo, kama si Wangari Maathai na wenzake waliosimama kuutetea mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ukishachagua pembe moja, usiichanganye na nyingine. Mjomba wangu alipokuja mara ya kwanza kutoka Taita, nilimpeleka kwa twiga asubuhi, nikamrudisha mjini kwa chakula, nikampandisha Museum Hill alasiri, kisha nikataka aone mbuga kabla ya jua kutua. Tulikaa garini zaidi ya tulivyotembea. Alipofika nyumbani na kuulizwa alichokiona Nairobi, alieleza habari za malori yaliyokuwa mbele yetu katika Barabara ya Lang'ata. Alieleza kwa upole, lakini maneno yake yaliponifikia yaliniuma, maana alikuwa amesafiri mbali na mimi ndiye niliyekuwa nimempotezea siku.

Chagua siku na saa

Asubuhi ni bora kuliko alasiri. Kuanzia saa 10:00 jioni barabara zote za kutokea mjini huanza kujaa, nauli za matatu hupanda, na mvua ikinyesha hupanda tena. Jitahidi matembezi yaishe saa 8:00 mchana au muda mfupi baadaye.

Jumamosi asubuhi ni nzuri kwa katikati ya jiji, ingawa ofisi za umma zinazofunguliwa siku hiyo hufungwa mapema. Jumapili mitaa huwa mitulivu sana na picha hupatikana bila msukumano, lakini Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka hufungwa na maduka mengi ya Biashara Street pia. Ijumaa kati ya saa 6:00 na saa 8:00 mchana mitaa inayozunguka Msikiti wa Jamia hujaa waumini, kwa hiyo asiyekwenda kusali apange kupita hapo mapema.

Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Julai hakuna mvua nyingi, lakini mgeni wa kutoka pwani asidanganywe na neno Afrika. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huo jua linaweza kukosekana siku nzima, kwa hivyo sweta ni lazima. Jina lenyewe la jiji limetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi.

Siku ambayo maandamano yametangazwa, usiende katikati ya jiji kabisa. Maduka hufungwa, matatu hugeuzia njiani, na hewa ya vitoza machozi haichagui mgeni wala mwenyeji. Sikiliza redio asubuhi, kisha uhamishe mpango wako uende Museum Hill au Karura.

Maandalizi ya usiku wa kuamkia

Kwanza ni mizigo. Hakuna matembezi ya utulivu mtu akiwa amebeba sanduku. Kampuni nyingi za mabasi hukubali kumtunzia abiria wake mzigo mpaka saa ya safari, wakati mwingine kwa ada ndogo, lakini ulizia siku moja kabla na uhakikishe kwamba umepewa risiti. Baki na mfuko mdogo wa kuvaliwa kifuani au begani kwa mbele.

Pili ni kitambulisho halisi, wala si picha yake kwenye simu. Majengo mengi huandikisha wageni langoni, na wengine hutakiwa kukiacha hapo hadi watakapotoka, kwa hiyo jizoeze kukiulizia kabla ya kuondoka.

Tatu ni pesa. Malipo ya taasisi nyingi za serikali, yakiwemo makumbusho na mbuga, yamehamishiwa kwenye eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na mara nyingi mlangoni hawapokei noti. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, palipo na intaneti nzuri na utulivu wa akili, na uweke salio la kutosha kwenye M-Pesa. Raia, wakazi na wageni wa nje hutozwa viwango tofauti, na viwango hivyo hubadilika, kwa hiyo viangalie usiku huo badala ya kutegemea alichokwambia jirani. Beba pia noti ndogo kwa ajili ya matatu na chai.

Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini kote mwaka 2017, na tangu mwaka 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu inayolindwa, kwa hiyo anayekwenda Karura au mbugani abebe maji katika chupa ya kudumu.

Kuhusu simu, jambo kubwa ni kutoitoa barabarani bila kufikiri. Ukitaka kutazama ramani, ingia mlangoni mwa duka, geuza mgongo ukutani, tazama, kisha uirudishe mfukoni. Katika matatu, usikae dirishani ukiwa umeishika huku kioo kimefunguliwa. Usipige picha za Bunge, vituo vya polisi au walinzi wenye silaha, na mtu usiyemjua muombe ruhusa kwanza.

Njia yenyewe: kutoka relini hadi Jeevanjee

Nairobi ilizaliwa na reli, kwa hiyo njia hii huanzia relini. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika hapa penye majimaji mwishoni mwa Mei 1899, na kambi ya wahandisi na vibarua ikageuka mji. Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani, na nashauri yawe kituo chako kikuu. Panda injini kubwa za mvuke zilizosimamishwa uani, uguse vyuma vyake, uone udogo wako kando ya magurudumu. Kisha litafute behewa ambalo ndani yake Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alikuwa akimvizia simba mla watu katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Usingizi ulimshika, simba akaingia, akamtoa nje kupitia dirishani. Simama ndani ya behewa hilo uone lilivyo jembamba, kisha utaielewa hofu ya watu waliolijenga taifa la reli kuliko utakavyoielewa kwa kusoma kurasa mia.

Ukitoka hapo, rudi hadi makutano ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue, mwendo wa dakika 15 hivi bila haraka. Pembeni mwa makutano hayo pana Bustani ya Ukumbusho ya Agosti 7. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani, uliolipuliwa kwa bomu asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, na watu 213 wakafa katika jiji hili, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia tu. Majina yao yameandikwa ukutani. Ukiwa na mtoto, mweleze kabla ya kuingia kwamba hapa ni mahali pa kunyamaza. Dakika 20 zinatosha, na wenyeji wa mjini huketi hapo kwenye nyasi kupumzika, jambo ambalo naliona kuwa heshima kwa waliofariki wala si utovu wa adabu.

Panda na Moi Avenue, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Government Road. Baada ya dakika kama 10 utaliona jengo la mawe la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, ambalo awali lilikuwa la benki. Mbele yake pana sanamu ya waziri Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011, nayo imewekwa karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Watu wengi wa Nairobi hukutania hapo kila siku, na maneno “tupatane pale Archives” kila mtu anayaelewa, lakini ni wachache kati yao waliowahi kuingia ndani. Ingia. Ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 kwa miezi michache, na ambaye pamoja na mkewe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya vinyago, vito, nguo, silaha na vitabu kutoka kila pembe ya Afrika. Sijaona mahali pengine mjini panapokupa mengi kwa gharama ndogo namna hiyo. Ukivutiwa sana hapa, ruhusu kituo hiki kidogo kiwe kikubwa, na upunguze vinavyofuata.

Ukitoka Hifadhini, elekea upande wa Mama Ngina Street hadi inapokutana na Kimathi Street. Hapo amesimama Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika shaba, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, ikiwa imetimia miaka 50 tangu Waingereza walipomnyonga. Mtaa huu uliitwa Hardinge Street kabla ya uhuru, na mgeni anayeyajua majina ya zamani ya mitaa atatambua kwamba anatembea juu ya hoja iliyoandikwa kwa vibao: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street.

Kutoka kwa Kimathi, mtu mwenye nguvu na anga safi anaweza kukata kushoto hadi jengo refu la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973 na kuchorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso. Lifti na ngazi chache humfikisha juu kabisa, ambako jiji lote huonekana, pamoja na mbuga na vilima vya Ngong. Lakini tahadhari: ukipanda KICC, hicho ndicho kituo chako kikuu, na Makumbusho ya Reli hayana budi kungoja safari nyingine. Ukungu ukiwa umetanda, usilipe kabisa.

Asiyepanda huko aendelee na Kimathi Street hadi Kenyatta Avenue. Barabara hii ni pana kuliko kawaida, na wazee hueleza kuwa ilipimwa hivyo ili magari ya kukokotwa na jozi nyingi za ng'ombe yaweze kugeuka. Katikati yake, magari yakipita pande zote mbili, pana sanamu tatu za shaba ambazo watu huzipita kila siku bila kuinua macho. Ni ukumbusho wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia: askari wa Kiafrika, askari mwenye vazi la Kiarabu, na mpagazi. Maandishi yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina Kariokor la hapa Nairobi, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi chao.

Hapa ndipo nilipomleta mjomba aliporudi mara ya pili, nikiwa nimejifunza. Tulikuwa tumetoka Hifadhini, hatukuwa na haraka ya kwenda popote. Aliyasoma maandishi ya Kiswahili polepole kwa sauti, kisha akayarudia. Akaniambia kwamba babu yake alichukuliwa Taita katika vita hivyo kwenda kubeba mizigo upande wa Taveta, hakurudi, wala kaburi lake halikujulikana. “Mjomba, hapa tukae kidogo,” akasema. Tulikaa karibu nusu saa tukimtazama yule mpagazi. Kama ningekuwa na kituo cha tano cha kukimbilia, ningemtoa hapo baada ya picha moja.

Vukia kwenye taa, uingie Banda Street. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, inatambulika kwa simba wake wawili wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo. Jirani yake ni Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, wenye kuba na minara ambayo hupendeza zaidi jua la asubuhi linapoipiga. Asiye Mwislamu anayetaka kuingia aombe idhini langoni, avae mavazi ya kusitiri mwili, avue viatu, na asifike wakati wa sala.

Hatua chache mbele liko soko la City Market, katika mtaa wa Muindi Mbingu. Nyama na samaki huuzwa upande mmoja, vinyago na vyondo upande mwingine, chini ya paa refu lenye kuingiza mwanga. Wauzaji hapo huita kwa bidii, lakini “asante, natazama tu” ikisemwa kwa tabasamu hupokewa vizuri. Mtaa umepewa jina la mtu aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kuja Nairobi kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu, na ni vyema mgeni wa kutoka Machakos au Kitui alijue jambo hilo anaposimama hapo.

Biashara Street inafuata, na hapo ndipo pa kununua zawadi isiyo nzito: leso, vikoi, vitenge. Soma jina la leso kabla ya kulipa, hasa ukimnunulia mama mkwe, kwa maana leso husema, na maneno mengine hayafai kupelekwa nyumbani kwa watu.

Njia huishia Jeevanjee, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari, na mjukuu wake Zarina Patel akawa mstari wa mbele kuupinga hadi ukashindwa. Saa ya mchana utawakuta wahubiri, wapiga picha, makarani waliolala juu ya magazeti, na watu wanaojadiliana siasa kwa sauti ya juu. Tafuta kiti chenye kivuli. Usipange chochote baada ya hapo zaidi ya chakula.

Kuhusu kula

Watu hudharau sehemu hii ya mpango, kisha njaa ikawaharibia mengine yote. Kunywa chai na mandazi kabla ya kuanza, na upange mlo mkuu saa 6:30 mchana au saa 7:30, ukiepuka saa 7:00 kamili ambapo wafanyakazi wa ofisini hujaza hoteli zote. Mitaa ya karibu na Jamia na Biashara Street ina hoteli za pilau, biriani na mahamri, na kuelekea Moi Avenue kuna za ugali, sukuma wiki na samaki. Ingia palipo na wateja wengi, uliza bei kabla ya kuketi, na uketi kweli. Ni vizuri kula mezani na kuzungumza kwa saa nzima.

Ukiwa na mzee au watoto

Gawanya njia hii katikati. Mzee mwenye magoti mabovu aanzie Hifadhini na kuishia Kenyatta Avenue, na teksi iitwe kwa ajili ya sehemu iliyobaki. Lami na vijia vya mjini vina mashimo na ngazi zisizotarajiwa, kwa hiyo kitimwendo hakiwezi kupita kila mahali, na Museum Hill hufaa zaidi. Watoto wadogo wanapenda Makumbusho ya Reli kuliko kitu kingine chochote hapa; waache huko saa mbili na uyafute mengine. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwenye karatasi mfukoni, na barabara zivukwe kwa kushikana mikono hata taa zikiwa zinaruhusu, kwani pikipiki haziheshimu taa daima.

Kurudi steji

Maliza saa yako ya mwisho ukiwa tayari upande wa jiji lilipo basi lako. Ofisi nyingi za mabasi ya safari ndefu ziko upande wa chini wa jiji, kuvuka Tom Mboya Street kuelekea River Road, na mitaa hiyo huwa na msongamano wa watu na mikokoteni. Ukiwa na zawadi mkononi, teksi ya umbali mfupi inafaa gharama yake. Ukienda kwa miguu, fuata barabara kubwa, usikate vichochoro, na uelekezwe na mwenye duka badala ya anayejitolea kukusindikiza. Treni ya Mombasa huondokea Syokimau, nje kabisa ya katikati ya jiji, kwa hiyo abiria wake aongeze saa moja zaidi katika hesabu yake ya mwanzo na afupishe njia aishie kwa Kimathi. Chukua mizigo, onyesha risiti, hesabu vifurushi, kisha ununue maji ya safari kabla hujapanda.